Uhuru wa vyuo vikuu nchini Tanzania

Uhuru wa vyuo vikuu ni mamlaka ya vyuo kujiamulia mitaala, ajira, udahili na matumizi ya fedha bila kuingiliwa na serikali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kamili cha taifa mwaka 1970, Rais Julius Nyerere alikuwa mkuu wake, na Pius Msekwa, aliyetoka katika uongozi wa chama tawala cha TANU, makamu mkuu. Mwaka 1990 wanataaluma walitoa Azimio la Dar es Salaam kutetea uhuru wa kitaaluma. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 iliunda Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), inayosimamia ithibati na ubora. Vyuo vya umma vina mabaraza na seneti, lakini kutegemea ruzuku ya serikali hupunguza uhuru wao.