Kupima Utu: Kutoka Mto Tana Hadi Mukuru kwa Reuben

Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alipowaletea Waorma wa Mto Tana michezo ya pesa, kuna mmoja walioutambua papo hapo. Kila mchezaji alikuwa na fungu lake. Alichotia kwenye kapu la wote kiliongezwa maradufu na mtafiti, kisha kikagawanywa sawasawa, hata kwa aliyebana mkono. Waorma wakauita mchezo wa harambee.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 pamoja na ya jamii nyingine 14, wakiwemo Wahadza wa Tanzania. Vitabu vya uchumi vilikuwa vimeshikilia kwamba binadamu hujitazama mwenyewe kwanza. Hakuna hata jamii moja kati ya hizo 15 iliyotenda hivyo sawasawa. Katika mchezo mwingine, Mworma aliyepewa pesa agawane na mtu asiyemjua alitoa, kwa wastani, asilimia 44.

Njia nyingine ya kupima utu ilikuwa ya dodoso. Utafiti wa Maadili Duniani ulianza 1981, lakini Kenya iliingizwa katika awamu yake ya saba tu, mwaka 2021. Afrobarometer, iliyoanza 1999, ilitufikia mapema zaidi, mwaka 2003.

Kisha ukaja uchaguzi mkuu wa Desemba 2007. Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ilizionja kwa uchungu ghasia zilizofuata uchaguzi ule, na wengi wakakata kauli kwamba Mkenya humpenda wa kabila lake tu. Watafiti wa Norway na Marekani, wakiwemo Edward Miguel na Daniel Posner, waliamua kulipima hilo. Wakazi 1,300 wa Nairobi waligawa pesa katika majaribio yaliyofanywa kwa nyakati tofauti, mengine uchaguzi uliofuata ukiwa mbali, mengine ukiwa umekaribia. Ripoti ya 2020 ilisema upendeleo wa kikabila katika michezo hiyo ulikuwa mdogo mno. Chanzo cha mgawanyiko wetu kitafutwe kwingine, si katika nyoyo za majirani. Kwa maoni yangu, tokeo hilo lilistahili kusomwa kwenye kila baraza la Eastlands, siyo kuishia katika jarida la wachumi.

Mukuru kwa Reuben ilipata utafiti wa aina nyingine. Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda lililozaliwa 1996, ulishirikiana na vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi, kuhesabu nyumba na kuonyesha jinsi maskini anavyolipia huduma kama maji ghali kuliko tajiri. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ikatangaza sehemu za Mukuru za Reuben, Kwa Njenga na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, lenye kaya zaidi ya 100,000. Kaya kumi kumi zilijiunga katika makundi, kwa mwito wa Tujuane Tujengane, zikajadili maji, vyoo, shule na barabara.

Suala la barabara ndilo linalonivutia zaidi. Moto ukizuka, gari la zimamoto halipiti kichochoroni. Ili lipite, lazima mabanda yasogezwe: mwenye ploti apoteze kodi, mpangaji apoteze chumba, na anayenufaika huenda akawa jirani wa mbali. Vipimo vya kawaida vya barabara za jiji vingewahamisha watu wengi mno, hivyo ikabidi wataalamu wa mipango miji wavipunguze kulingana na hali ya pale. Hapo mtu hakuwa akigawa pesa za mtafiti. Alikuwa akipima paa lake mwenyewe. Anayetaka kujua Mkenya anathamini nini asome kumbukumbu za vikao vile, na dodoso lake lijalo aliandike pamoja na watu waliokaa katika vikao hivyo.