Bandari ya Salama na Mnara wa Azania: Mlango wa Wageni wa Kwanza

Historia ya usharika wowote wa Kilutheri katika Mkoa wa Singida haiwezi kuelezwa vema bila kutazama pwani, mahali ambapo wageni kutoka Ulaya walitia nanga kabla ya kuifikia nchi yetu ya bara. Katika sura hii tunaitazama bandari ya Dar es Salaam na jengo linalojulikana kuliko mengine katika ukingo wake, yaani Kanisa la Azania.

Kutoka Mzizima hadi makao makuu

Hapo zamani palikuwa na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alipendezwa na ghuba yake tulivu, akaanza kujenga mji mpya. Alipofariki mwaka 1870, ujenzi ulikoma na majumba yakaachwa kuchakaa. Mambo yalibadilika mwaka 1887, wakati Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa na Carl Peters na wenzake, ilipofungua kituo chake hapo. Mwaka 1891 serikali ya Kijerumani ilihamishia makao makuu yake Dar es Salaam kutoka Bagamoyo.

Katika mwaka huohuo wa 1887 aliwasili mmisionari Johann Jakob Greiner, aliyetumwa na chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886. Yatupasa kusema kweli kuhusu chama hicho: Carl Peters alikuwa miongoni mwa waliokihimiza, na tangu mwanzo kilitarajiwa kuwahudumia Wajerumani wa koloni pamoja na kuwahubiria wenyeji. Hivyo bendera na Biblia zilishuka ufukoni karibu kwa pamoja. Si ajabu kwamba watu wengi wa pwani hawakuona tofauti kati ya hivyo viwili. Vita vya kupinga utawala wa Kijerumani vilipopamba moto, kituo cha Wabenediktini huko Pugu kilishambuliwa mnamo Januari 1889, na baadhi ya watumishi wake waliuawa.

Mnara unaoonekana baharini

Ujenzi wa Kanisa la Azania ulianza mwaka 1898 na kukamilika mwaka 1902. Kuta zake ni nyeupe, paa lake ni la vigae vyekundu, na mnara wake umejengwa kwa mtindo wa Kijerumani cha kusini. Vijipaa vya vigae vimewekwa juu ya madirisha ili kuzuia jua na mvua. Wasafiri walioingia bandarini waliuona mnara huo tangu majini, nao ukawa alama ya kwanza ya mji machoni pao.

Lakini mwaka 1898 unakumbukwa pia kwa jambo jingine: ndipo wenyeji walipoanza kutozwa kodi ya nyumba. Kwa Mjerumani aliyeshuka melini, mnara ulikuwa ukumbusho wa kwao. Kwa mzee wa bara aliyelazimika kutafuta fedha ya kodi, majengo yote ya wageni yalikuwa ya mtu mmoja.

Njia ya kuja kwetu

Nguvu iliyotia mizizi pwani ilifuata njia ya misafara ikapenya Ugogo hadi Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni ya leo, ambapo Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi. Baadaye ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912. Wenyeji wa Singida hawakuupokea utawala huo kwa moyo mmoja. Mapokeo ya Wanyaturu yanamkumbuka Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani, na husimuliwa kwamba nyuki walikuwa silaha yake. Jina lake limepewa uwanja wa michezo wa mjini Singida.

Injili ya Kilutheri, hata hivyo, haikutufikia kwa njia hiyo ya reli na jeshi. Wamisionari wa Leipzig, waliokuwa wameanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, ndio waliofungua kazi Iramba mwaka 1911 wakitokea kaskazini. Vita Kuu ya Kwanza ikakatiza utumishi wao, na katika miaka ya 1920 Walutheri wa Augustana kutoka Marekani waliichukua kazi ya Iramba na Unyaturu.

Nani aliyelinda taa?

Dar es Salaam ilitwaliwa na Waingereza mnamo Septemba 1916, kisha wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Wengi walidhani kwamba mgeni akiondoka, dini yake itaondoka naye. Haikuwa hivyo. Mwalimu Martin Nganisya, ambaye katika ujana wake aliuonja utumwa, aliwaongoza Wakristo wa Dar es Salaam. Hapo ndipo Kanisa lilipoanza kuwa la wenyewe.

Mnamo tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri, likiwamo la kwetu la Kati, yaliungana kuwa Kanisa moja, ambalo leo ni KKKT. Jengo lililowekwa kwa ajili ya ibada za Wajerumani sasa ni Kanisa Kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani, na sifa zinaimbwa humo kwa Kiswahili.

Basi tunapoadhimisha miaka mia moja, tusiwasifu waliotuletea Neno kana kwamba hawakuja na watawala. Wala tusilikatae Neno kwa sababu ya chombo kilichowaleta. Mnara wa Azania ulijengwa na wageni, lakini waliolinda kilichohubiriwa chini yake ni babu na bibi zetu. Kwa ajili yao tunamshukuru Mungu.