Mwaka wa 2002: Wimbo wa vijana ulipogeuka sauti ya umma

MWAKA wa 2002 haukumbukwi nchini Kenya kwa sababu ya uchaguzi pekee. Unakumbukwa pia kwa wimbo mmoja wa kufokafoka uliotoka studioni na kuishia kwenye majukwaa ya kampeni.

Wimbo huo, Unbwogable, ulitungwa na Gidi Gidi Maji Maji, yaani Joseph Ogidi na Julius Owino. Jina lenyewe lilibuniwa: neno la Kidholuo 'bwogo', lenye maana ya kutisha, lilivishwa viambishi vya Kiingereza. Likawa na maana ya mtu asiyetishika.

Haukutungwa kwa ajili ya chama chochote. Hata hivyo, wakati uliupa maana nyingine. Rais Daniel arap Moi, aliyeshika hatamu tangu 1978, alikuwa akijiandaa kustaafu. KANU ilikuwa mamlakani tangu uhuru wa 1963. Oktoba 14, Raila Odinga alimuunga mkono Mwai Kibaki katika bustani ya Uhuru, na muungano wa NARC ukaufanya wimbo huo kuwa wake.

Yafaa ikumbukwe kwamba kwa miaka mingi redio ilikuwa ya serikali, na nyimbo za siasa zilizosikika zaidi ni za kwaya zilizousifu utawala wa Nyayo. Stesheni za kibinafsi za FM, zilizoanza mnamo 1996, ziliwafungulia mlango vijana walioimba kwa lugha za mtaani. Miongoni mwao alikuwa E-Sir, bingwa wa Kiswahili na Sheng, aliyeangamia katika ajali ya barabarani mnamo Machi 2003.

Desemba 27, Kibaki alimbwaga Uhuru Kenyatta kwa takriban asilimia 62 ya kura dhidi ya 31. Aliapishwa siku tatu baadaye.

Furaha hiyo haikudumu. Katika kura ya maamuzi ya 2005, Kibaki na Raila walikuwa pande pinzani, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,000.

Muungano ulisambaratika, lakini neno halikufa. Wakenya wangali wanalitumia kumsifu asiyetetereka, awe mwanariadha au mwanafunzi. Wanasiasa waliuazima wimbo kwa msimu mmoja tu. Mwenyewe hasa alikuwa mwananchi.