Kamera nafuu ya kukagua mtutu wa bunduki
Kwa miaka mingi, mlenga shabaha nchini Marekani aliyetaka kuona ndani ya mtutu wa bunduki yake alihitaji boroskopu ya lenzi, mfano Hawkeye, yenye kugharimu mamia ya dola. Siku hizi kamera nyembamba za kuunganishwa na kompyuta au simu, zikiwemo za Teslong, hupatikana kwa chini ya dola 100.

Kinachostahili kuangaliwa kwanza ni unene wa ncha, wala si ubora wa picha unaotangazwa. Ncha ya milimita 5 hupita katika mtutu wa inchi 0.22, lakini haiingii katika ule wa inchi 0.17. Pili ni kioo cha pembeni. Pasipo kioo hicho kamera hutazama mbele tu, na mifuo inayozungusha risasi haionekani barabara. Ndiyo maana kamera za mafundi wa mabomba, hata ziwe rahisi namna gani, hazifai.

Bunduki sharti iondolewe risasi kabla ya ukaguzi. Aidha, mnunuzi asitishwe na anachokiona: hata mtutu mpya huwa na mikwaruzo ya kiwandani, na wapo walioharibu mitutu mizuri kwa kuisugua kupita kiasi. Masalio ya shaba huondolewa kwa dawa ya kuyayeyusha. Nyufa za joto mbele ya chemba haziondoki, ila bunduki ikiwa bado inapiga shabaha, hakuna haja ya kununua mtutu mwingine.