Waingereza na Ulaya: hoja zilezile, midomo mingine

Mwaka 1975 Waingereza milioni 17.4 walipiga kura ya kubaki katika Jumuiya ya Ulaya. Mwaka 2016 Waingereza milioni 17.4 walipiga kura ya kutoka. Hesabu hizo mbili zinapishana kwa kura elfu thelathini na kidogo, na katikati yake kuna miaka 41 ya ubishi ambao hadi leo wengi wetu tunaujua kwa jina la Brexit tu, kana kwamba ulizuka jana.

Ukiufuatilia ubishi huo tangu mwanzo, hoja kubwa zilikuwa nne: nani atunge sheria, chakula kiuzwe bei gani, kazi ziende wapi, na jamaa wa zamani wa ng'ambo wafanyweje. Hoja zilibaki palepale. Wenye hoja ndio waliohama, tena wakahamia kwenye viti vya wapinzani wao.

Kuingia kwenyewe kulikuwa kwa taabu. Waziri Mkuu Harold Macmillan alibisha hodi mwaka 1961, na Januari 1963 Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa akamfungia mlango. Harold Wilson wa chama cha Labour akajaribu mwaka 1967, akakataliwa vilevile. Mpaka de Gaulle alipoondoka madarakani ndipo Edward Heath wa Conservative alipofanikiwa, na tarehe 1 Januari 1973 Uingereza ikaingia pamoja na Ireland na Denmark. Heath alilipeleka jambo hilo bungeni, wananchi hakuwauliza.

Aliyeshikilia kwamba lazima waulizwe ni Tony Benn, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto wa Labour. Kwake yeye Jumuiya ile ilikuwa klabu ya mabepari, na mbaya zaidi, iliwanyima wapiga kura uwezo wa kuwafukuza wanaowatungia sheria. Mwanzoni wakubwa wa chama walimpuuza. James Callaghan peke yake alinusa mbali: alisema wazo la Benn ni boya dogo la mpira ambalo huenda siku moja chama kizima kikalazimika kulipanda. Wilson aliporudi madarakani mwaka 1974 akakikuta chama kimepasuka, akalipanda: akaitisha kura ya maoni.

Kilichofuata kilikuwa kituko cha kisiasa. Aprili 1975 mkutano maalumu wa Labour ulipitisha, kwa karibu kura mbili kwa moja, azimio la kutoka, ilhali Waziri Mkuu wao anazunguka akiwaomba wananchi wabaki. Mawaziri 7 kati ya 23 waliruhusiwa kuipinga serikali yao hadharani. Benn alidai ajira nusu milioni zimepotea kwa sababu ya Jumuiya. Roy Jenkins, waziri mwenzake aliyeongoza kampeni ya kubaki, akawaambia waandishi wa habari kwamba anazidi kuona vigumu kumchukulia Benn kwa uzito kama waziri wa mambo ya uchumi. Na hao wawili walikuwa wakikaa meza moja ya Baraza la Mawaziri.

Lakini mabishano ya mawaziri hayakuwa ndiyo mazungumzo ya mtaani. Mtaani ilikuwa bei. Waziri Barbara Castle, wa upande wa kutoka, alikwenda Brussels kufanya manunuzi ili awaonyeshe Waingereza kwamba kwa wenzao vyakula ni ghali. Upande wa pili ulijibu kwamba bei zimepanda dunia nzima, na kwamba bora ghali kuliko kukosa. Jibu hilo liliwaingia watu. Mwaka uliotangulia sukari ilikuwa imeadimika madukani, mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 20, na mgao wa chakula wa wakati wa vita, uliodumu hadi 1954, ulikuwa haujasahauliwa na mtu yeyote aliyevuka miaka 30. Mama aliyelelewa kwa kadi ya mgao hakuhitaji kufundishwa faida ya kuwa ndani ya kambi yenye mashamba.

Hoja ya Jumuiya ya Madola ilikuwa tamu zaidi kuisikiliza, na dhaifu zaidi. Waliopinga walisema Uingereza imewatupa ndugu zake, na wakataja siagi ya New Zealand na sukari ya Karibi. Mwaka 1962, Hugh Gaitskell alipowaonya Labour, akiwa kiongozi wao, kwamba wanakaribia kuikatisha historia ya miaka elfu moja, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kufikia 1975 ndugu wenyewe walikuwa wameshajipanga. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini Mkataba wa Arusha na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1969, kabla hata Uingereza haijaingia. Februari 1975 zikawa miongoni mwa nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki zilizotia saini Mkataba wa Lomé. Na viongozi wa Madola walipokutana Kingston, Jamaika, wiki chache kabla ya kura, walionyesha wazi kwamba wanapenda Uingereza ibaki. Wapinzani wakawa kama mpwa anayewagombea wajomba wasiomtuma.

Margaret Thatcher, aliyekuwa ameshika uongozi wa Conservative mwezi mmoja tu, aliipinga kura ya maoni yenyewe bungeni, akikumbusha kauli ya Waziri Mkuu wa zamani Clement Attlee kwamba ni chombo cha madikteta na wachochezi. Ilipoitishwa alifanya kampeni ya kubaki, tena amevaa sweta lenye bendera za nchi zote tisa wanachama. Picha ile imemfuata hadi kaburini. Magazeti ya Daily Mail, Daily Express na The Sun yote yalisema tubaki. Upande wa kutoka ulikuwa na Benn na Michael Foot kutoka kushoto, Enoch Powell kutoka kulia, na gazeti la kikomunisti la Morning Star. Pesa nazo hazikulingana hata kidogo: kampeni ya kubaki ilitumia zaidi ya mara kumi ya wenzao.

Tarehe 5 Juni 1975 asilimia 67 walisema ndiyo. Katika maeneo yote ya kuhesabia kura ni mawili tu yaliyokataa, Shetland na Visiwa vya Magharibi, yote ya wavuvi wa Scotland. Wilson akatangaza kwamba ubishi wa taifa wa miaka 14 umekwisha. Huku kwetu, miaka miwili baadaye, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na hakuna mwananchi wa Dar es Salaam, Nairobi wala Kampala aliyeulizwa chochote.

Labour haikukubali matokeo kirahisi. Ilani yake ya uchaguzi wa 1983 iliahidi kuitoa Uingereza katika Jumuiya bila hata kupiga kura nyingine ya maoni. Ilishindwa vibaya.

Kibao kiligeuka Septemba 1988, ndani ya siku 12. Tarehe 8, mjini Bournemouth, Jacques Delors, Rais wa Kamisheni ya Ulaya na msoshalisti wa Kifaransa, aliwahutubia viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza. Hao walikuwa wamepigwa na Thatcher, sasa Waziri Mkuu, kwa miaka tisa mfululizo. Delors akawaambia kwamba soko la pamoja litakuja na haki za wafanyakazi, na watu walewale waliotaka kutoka mwaka 1975 wakasimama kumwimbia. Tarehe 20, mjini Bruges, Thatcher akajibu kwamba hakuipunguza mikono ya dola nyumbani ili irudishwe kutoka Brussels. Kuanzia hapo kushoto kukaanza kuipenda Ulaya, kulia kukaanza kuichukia, na kila upande ukaokota hoja zilizotupwa na mwenzake. Naiona wiki hiyo na nusu kuwa na uzito kuliko chochote alichokifanya David Cameron, Waziri Mkuu aliyeitisha kura ya 2016.

Ya katikati yanajulikana. Mkataba wa Maastricht wa kuunda Umoja wa Ulaya, ulioasiwa na wabunge wa Conservative wenyewe. Pauni iliyoanguka Septemba 1992. Chama cha UKIP cha kupigania kutoka, kilichoanzishwa 1993. Nchi kumi zilizoingia mwaka 2004, na Waziri Mkuu Tony Blair wa Labour aliyefungua soko la ajira mara moja wakati Ujerumani na Ufaransa zinasubiri. Wapolandi walikuja kwa wingi ambao serikali haikuutarajia. Januari 2013 Cameron akaahidi kura ya maoni kwa sababu ileile ya Wilson, kukituliza chama, akiamini atashinda kama Wilson.

Kampeni ya 2016 ilirudia ya 1975 hatua kwa hatua. Mawaziri waliruhusiwa tena kuipinga serikali yao. Namba zilirushwa tena: basi jekundu la waliotaka kutoka lilidai Uingereza inapeleka Brussels pauni milioni 350 kila wiki, hesabu iliyosahau punguzo ambalo Thatcher mwenyewe alilipigania hadi akalipata mwaka 1984, naye Waziri wa Fedha George Osborne akatangaza kwamba kutoka kutaigharimu kila kaya pauni 4,300 kwa mwaka, kana kwamba amezihesabu mfukoni mwa watu. Boris Johnson, mwanasiasa wa Conservative, aliandika makala mbili, moja ya kubaki na moja ya kutoka, kisha akachagua ya kuchapisha. The Sun, Daily Mail na Daily Express safari hii yalisema tutoke. Na hoja ya Benn, ya wananchi kuweza kumfukuza anayewatungia sheria, ikawa kaulimbiu ya watu ambao Benn asingekaa nao chumba kimoja.

Hata hoja ya Madola ilifufuka, na baadhi ya walioibeba walikuwa na mizizi huku kwetu Afrika Mashariki. Priti Patel, mwanasiasa wa Conservative ambaye wazazi wake walitoka Uganda, aliwaambia wenye migahawa ya Kihindi kwamba nje ya Ulaya ingekuwa rahisi kupata wapishi kutoka Asia ya Kusini. Rishi Sunak, mwenzake wa Conservative ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, naye aliunga mkono kutoka. Shetland na Visiwa vya Magharibi, vilivyokataa Ulaya peke yavyo mwaka 1975, vikapiga kura ya kubaki pamoja na Scotland yote. Ila kura hizo hazikutosha. Tarehe 23 Juni 2016 kutoka kulishinda kwa asilimia 51.9, na asubuhi yake Cameron akatangaza kujiuzulu.

Kasoro ya kura ile ilikuwa kwenye karatasi yenyewe. Kubaki kuna namna moja. Kutoka kuna namna nyingi. Unaweza kutoka ukabaki katika soko la pamoja kama Norway, ukatoka ukabaki katika umoja wa forodha, au ukatoka bila makubaliano yoyote. Karatasi haikuuliza. Wapo walioona hatari mapema: Blair na John Major, mawaziri wakuu wa zamani waliokuwa mahasimu, walikwenda pamoja Ireland ya Kaskazini wiki mbili kabla ya kura kuonya kwamba mpaka wa karibu kilomita 500 kati yake na Jamhuri ya Ireland utaleta balaa, kwa kuwa amani ya 1998 ilijengwa juu ya mpaka usio na vizuizi. Huko London hawakusikilizwa.

Deni la swali ambalo karatasi haikuuliza lililipwa bungeni. Januari 2019 mkataba wa kutoka wa Theresa May, aliyemrithi Cameron, ulikataliwa kwa tofauti ya kura 230, ukakataliwa tena mara mbili mwezi Machi. Tarehe 27 Machi wabunge waliwekewa mapendekezo manane ya nini kifanyike, na wakayakataa yote manane. Hatimaye Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na mwaka uliofuata bidhaa zinazokwenda Ireland ya Kaskazini kutoka Uingereza yenyewe zikaanza kukaguliwa.

Moto huo ulifika hadi Naivasha, kwenye mashamba ya maua ya Kenya. Kipindi cha mpito cha baada ya kutoka kilikuwa kinaisha Desemba 2020, na bila mkataba mpya maua na mboga za Kenya zingetozwa ushuru kuingia Uingereza. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuwa na haraka, kwa sababu nchi zinazohesabiwa kuwa na maendeleo ya chini kabisa ziliendelea kusamehewa ushuru. Wenzake wakasita, Kenya ikasaini peke yake mjini London tarehe 8 Desemba 2020, ingawa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa ina umoja wa forodha na ilitakiwa kwenda kwa pamoja. Mkataba huo ulianza kutumika Machi 2021, na ndani yake kimewekwa kifungu cha kuwaruhusu wenzake wajiunge baadaye.