Ku, mu na pa za Rutshuru

Mama yangu aliuza maharagwe ku soko ya Kiwanja, hapa Rutshuru, mashariki ya Kongo. Ukimwuliza yako wapi, anajibu: "Iko mu gunia." Kopo la kupimia lililokaa juu ya gunia lile lile, hilo liko "ku gunia". Hakuwahi kuchanganya mu na ku.

Mtu wa Mombasa atasema sokoni, nyumbani, shambani. Sisi twasema ku soko, mu nyumba, ku shamba, na nimefundisha shule ya msingi muda wa kutosha kuchoshwa na wanaokiita hiki Kiswahili kilichovunjika. Kina historia yake.

Lugha ilitangulia kufika Maniema na misafara ya biashara ya wakubwa kama Tippu Tip, aliyekuwa na ngome Kasongo. Vita ya 1892 hadi 1894 iliwang'oa wakubwa wale, ila Kiswahili kikabaki vinywani mwa askari, wapagazi na wapishi wa dola la Léopold, mfalme wa Wabelgiji, wakapanda nacho kaskazini mpaka huku kwenye volkano. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakavuka mpaka wa koloni la Wajerumani, yakaingia Tabora mwezi wa Septemba, na mizigo yao ilibebwa na watu, Kiswahili kikienda nao. Baadaye mashamba ya kahawa yakakutanisha wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kusikilizana.

Waliokipokea hawakuwa mabubu; walikuwa na lugha zao. Mtu wa Bwisha, hapa hapa Rutshuru, husema kwa lugha yake mu nzu akiwa ndani ya nyumba, na ku musozi akiwa mlimani. Mnande wa Lubero ana omo na oko zake. Neno nyumba walilikubali. Mu wakaiacha mahali ilipokuwa siku zote, mbele ya jina.

Na pwani hazikufa! Nyumbani kwangu, nyumbani pangu, nyumbani mwangu: ni ku, pa na mu zile zile za Kibantu, zimehamia nyuma tu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulishughulikia makoloni ya Waingereza. Rutshuru ilikuwa kwa Wabelgiji. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, wala haisemi cha wapi.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniandikia "mu nyumba yetu", sichori mstari mwekundu. Naandika kando "nyumbani mwetu", kisha namwambia aitafute ile mu yake imeingia wapi. Huipata upesi.