Soul Makossa: Kibao cha upande wa pili kilichozaa albamu na kesi

KATIKA fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1972, wenyeji Kameruni walitolewa na Kongo-Brazzaville kwa bao 1-0 katika nusu fainali. Wimbo uliotungwa kuishangilia timu hiyo nao ukasahaulika.

Upande wa pili wa santuri ya wimbo huo, hata hivyo, ulikuwa na kibao ambacho wenyeji hawakukitilia maanani. Kiliitwa 'Soul Makossa', na mtunzi wake alikuwa Manu Dibango, mpulizaji wa saksafoni, ala ambayo wanamuziki wa dansi nchini huiita 'mdomo wa bata'.

Makossa ni mtindo wa muziki na dansi wa Waduala, na jina lake ni la lugha yao. Msomaji wa Kiswahili asilitafsiri kuwa makosa, ingawa waliokidharau kibao hicho mwanzoni huenda wangekubaliana na tafsiri hiyo.

Dibango alizaliwa Douala Desemba 12, 1933. Alipelekwa Ufaransa kusoma mwaka 1949 akiwa na kilo tatu za kahawa za kumlipia ada, na kahawa hiyo ndiyo iliyokipa jina kitabu cha maisha yake.

Wapenzi wa rumba wanamfahamu kwa njia nyingine. Akiwa Ubelgiji alikutana na Joseph Kabasele, 'Le Grand Kallé', akajiunga na African Jazz na kuhamia Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni huko alikojifunza kwamba saksafoni inaweza kuimba pamoja na magitaa bila kuyafunika.

Albamu yenyewe ilitolewa Ufaransa mwaka 1972 na kampuni ya Fiesta kwa jina la 'O Boso'. Mbali na 'Soul Makossa', ina nyimbo kama 'New Bell', uliopewa jina la mtaa wa Douala, 'Hibiscus', 'Dangwa', 'Lily' na 'Nights in Zeralda', unaotaja mji wa pwani ya Algeria.

Anayeisikiliza yote atabaini kwamba kibao kilichovuma si kipimo cha kazi nzima. 'New Bell' ni mkali na umejaa pumzi ya vyombo vya kupuliza, wakati 'Hibiscus' unakwenda taratibu na kumwachia msikilizaji nafasi ya kuisikia sauti ya Dibango bila haraka.

Umaarufu ulianzia New York. David Mancuso, aliyekuwa akiendesha madansi ya faragha yaliyojulikana kama The Loft, aliipata santuri hiyo katika duka la Brooklyn na kuipiga mara kwa mara. Mtangazaji Frankie Crocker akaichukua hadi redio ya WBLS, na nakala chache zilizokuwapo zikagombewa.

Kwa kuwa santuri halisi ilikuwa adimu, bendi nyingine zilikimbilia studio kuurudia wimbo huo. Kundi la Afrique lilifika nafasi ya 47 katika chati ya Billboard. Kampuni ya Atlantic iliponunua haki na kuitoa albamu Marekani mwaka 1973 ikiwa na jina jipya la 'Soul Makossa', wimbo wa Dibango ulifika nafasi ya 35, kisha ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Kwa wakazi wa mwambao wa Tanzania, neno 'soul' lilikuwa na historia yake. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha pia jiji la Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul kwa hoja ya kulinda utamaduni. Vijana walijibu kwa barua magazetini wakisema muziki huo ni wa watu weusi na asili yake ni Afrika. Dibango hakushiriki mjadala huo, lakini albamu yake iliyafikisha Marekani maneno hayo mawili, soul na makossa, yakiwa yamefungwa pamoja na Mwafrika.

Mgogoro mkubwa ulikuja baada ya Michael Jackson kutoa 'Thriller' mwaka 1982. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, 'Wanna Be Startin' Somethin'', unamalizika kwa kiitikio kinachofanana na cha Dibango. Alidai haki yake na suala likamalizwa nje ya mahakama.

Mwaka 2007 Rihanna alitumia kiitikio hichohicho katika 'Don't Stop the Music' kwa idhini ya Jackson, bila Dibango kuulizwa. Mahakama moja nchini Ufaransa ikaamuru jina la Dibango liandikwe katika nakala zitakazotolewa nchini humo. Alipofungua kesi mwaka 2009 akitaka fidia, hakimu aliikataa kwa maelezo kwamba kwa kukubali amri ile alikuwa ameachia madai mengine.

Dibango, aliyeteuliwa na UNESCO kuwa Msanii wa Amani mwaka 2004, alifariki dunia nchini Ufaransa Machi 24, 2020 kwa ugonjwa wa Covid-19, akiwa na umri wa miaka 86.